Jalada Lililokingama

Jumatatu, 3 Machi

Shajara hii nimepewa na Mheshimiwa. Kila mwaka ofisi humletea mbili. Moja huitumia yeye, nyingine hunipa mimi, na mimi huwapa wajukuu wachorechore. Mwaka huu wamekosa. Mheshimiwa anastaafu mwisho wa kikao hiki cha mvua na mimi naondoka naye, maana umri wangu wa kazi ulikwisha zamani, nimebaki kwa sababu yake tu. Basi nitaandika mwenyewe, kwa mkono huu ulioishia darasa la nne, ili watu wajue kazi ilivyofanywa.

Karani wa masjala amecheka. "Mzee, utaandika nini? Orodha ya majoho?"

Nimemwambia yeye amesoma mpaka chuo, lakini jalada akilifunga utepe linafunguka kabla hajafika ngazi ya pili. 

Mheshimiwa ni jaji wa rufani. Kesi ikishaamuliwa huko chini na mtu hakuridhika, inapanda mpaka kwetu. Juu yetu hakuna mtu. Kuna paa tu, nalo linavuja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Ndoo tatu ukumbini.

Jumatatu, 10 Machi

Leo kesi mbili. Nimeita "Simameni!" mpaka wakili mmoja kijana akaangusha kalamu. Sauti hii haijazeeka.

Niandike jinsi tulivyoanza. Ni miaka ishirini na sita sasa. Nilipoambiwa nitamhudumia jaji mwanamke nilikwenda kwa msajili kukataa. Msajili hakuinua hata macho. "Chagua, yeye au lango." Nani anataka kulinda lango na hii akili yangu? Nikapanda juu. Nikamkuta amesimama dirishani, joho mkononi.

"Wewe ndiye uliyenikataa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Vizuri. Mtu anayesema kweli hanichoshi. Nishikie hii mikono."

Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyemshikia joho.

Jinsi anavyofanya kazi hakuna anayejua kuliko mimi. Hasemi sana. Jalada alilokwisha kuliamua analilaza sawasawa, kushoto la kukataa, kulia la kukubali. Lile ambalo bado linamsumbua analiweka juu ya rundo likiwa limekingama, kama mtu aliyelala kwa kukatisha kitanda. Hilo halichukuliwi na mtu. Lazima limrudie. Makarani wamekuja na kuondoka, ila maana ya jalada lililokingama ilibaki kwake na kwangu tu. Na marundo yangu, ukiweka rula ubavuni, haitikisiki.

Mara nyingi majaji wenzake wawili walisema hivi, yeye akasema vile, akaandika maoni yake peke yake kurasa arobaini. Baada ya miaka wakaja kumfuata. Kiti cha Jaji Mkuu kilipobaki wazi, miaka kumi na mitatu iliyopita, kila mtu alijua ni chake. Kikaenda kwa mwingine. Husuda tupu. Nimewaambia watu miaka yote, hata wasioniuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Goti linauma. Mama Watoto anasema ni mvua. Nimemwambia ni ngazi. Amesema, "Haya, wewe ndiye jaji."

Jumanne, 18 Machi

Barua za Mheshimiwa nazifungua mimi, naziweka mezani bila kuzisoma. Leo ilikuja moja ya karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Akaisoma amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Unamkumbuka seremala?" akaniuliza.

"Maseremala ni wengi, Mheshimiwa."

"Aliyefungwa miaka ishirini kwa unyang'anyi. Shahidi mmoja, aliyemwona kwenye mvua, upande wa pili wa barabara. Aliomba ruhusa ya kukata rufaa. Sasa ametoka." Akaisukuma barua kwangu. "Soma."

Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini nilisoma. Seremala haombi kitu. Anasema amemaliza kifungo, amerudi kwenye kazi yake, na anauliza jambo moja tu. Je, maombi yake yalisomwa na mtu?

"Nilikuuliza mwaka ule," Mheshimiwa akasema. "Unakumbuka? Nilikuuliza lile jalada nililolikingamisha liko wapi."

"Ni zamani, Mheshimiwa."

"Ukaniambia nililinyoosha mwenyewe."

Nikasema chai imepoa, nitaleta nyingine.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Watoto amekwenda kwa dada yake. Nitaandika, kisha nitaona kama nitachana karatasi.

Mwaka ule mume wa Mheshimiwa alikuwa amelazwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa polepole. Akija ofisini ananipa mkono kabla ya kumpa mkewe. Mheshimiwa alikuwa anatoka hospitali asubuhi anakuja moja kwa moja kazini, na nguo za jana. Maombi ya ruhusa ya kukata rufaa yalikuwa yamerundikana, arobaini na kitu. Hayo hayaitwi mahakamani. Jaji mmoja anayasoma mezani na kuamua. Akayasoma siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alipoondoka, juu kabisa ya rundo la kushoto kulikuwa na jalada la seremala. Limekingama.

Kesho yake, Jumanne, walikuwa wanakuja wakaguzi wa ofisi. Mimi nilifika alfajiri. Nikafuta meza, nikapanga vitabu kwa urefu, nikapanga marundo. Nilipolifikia lile, mkono wangu ukalinyoosha. Sitasema sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote. Ila lilikuwa linaharibu rundo, na wakaguzi wako ngazini, nikasema moyoni nitalirudisha wakiondoka.

Wakaguzi walinisifu. Mmoja alisema hajaona ofisi kama hii nchi nzima. Nikawasindikiza mpaka langoni, naongea tu, nawaeleza habari za rula. Niliporudi meza ilikuwa tupu. Karani alikuwa amepita na kuchukua kila kilichonyooka, kama alivyofundishwa. Na aliyemfundisha ni mimi.

Ningeweza kushuka masjala. Ni ngazi thelathini na mbili. Ningesema, hilo moja rudisha, nimekosea. Lakini karani wa wakati ule alikuwa mcheshi, ana mdomo, angelitangaza jengo zima kabla ya saa sita, na mimi nimetoka kusifiwa sasa hivi. Nikasema nitashuka baadaye. Amri zikachapwa mchana. Jioni Mheshimiwa akatia saini zote arobaini amesimama, mkoba begani, maana hospitali walikuwa wamepiga simu. Hakusoma hata moja. Kwa nini asome? Alijua rundo lake halikosei. Rundo langu.

Mume akafa wiki ile. Baada ya wiki tatu akarudi kazini, amepungua, akaniuliza.

Nikasema, "Ulilinyoosha mwenyewe, Mheshimiwa. Mbele ya macho yangu."

Akanitazama. Akashika kipaji cha uso. Akasema, "Basi ni mimi," akaketi kufanya kazi.

Sikuchana karatasi. Mama Watoto amerudi, amesema nina sura ya mtu aliyemeza kitufe.

Jumatatu, 24 Machi

Paa limeachia juu ya korido ya pili. Tumehamisha majalada tukiwa tumeyafunika kwa nailoni. Karani kijana alibeba mara mbili yangu, nikamwachia.

Jumatatu, 31 Machi

Leo kwa Cherehani. Ni mpiga chapa wetu, tunamwita hivyo kwa mwendo wa vidole vyake. Nilimpelekea chai nikamkuta anafuta macho.

"Una nini?"

"Hotuba ya kuaga, babu. Mheshimiwa ameniandikia niichape. Atasimama mbele ya majaji na mawakili wote siku ya mwisho aseme alimwacha mtu gerezani kwa sababu alisahau." Akanisomea. Ilikuwa imeandikwa hivi: *Akili yangu ilikuwa imeanza kuniacha, na sikumwambia mtu, nikaendelea kuhukumu.*

"Hiyo si kweli," nikasema.

"Wewe unajuaje?"

Nikamwambia akili ya Mheshimiwa haijamwacha hata dakika moja, naijua, naiona kila siku.

"Mwambie yeye basi," akasema Cherehani. "Mimi nilichapa ile barua ya kiti cha Jaji Mkuu. Tangu siku ile hajiamini."

"Barua gani? Si walimnyima?"

Akanishangaa. "Babu, nani alimnyima? Walimwomba mara mbili. Aliwaandikia kwamba amegundua kasoro katika kumbukumbu yake, haifai kumkabidhi mahakama nzima mtu wa namna hiyo. Nilidhani wewe ndiye wa kwanza kujua. Si unajua kila kitu?"

Nilikwenda nikasimama stoo ya majoho mpaka nilipoitwa.

Miaka kumi na mitatu nimewatukana watu kwa ajili ya kiti kile. Wengine walikuwa wazuri tu. Yule jaji aliyekipata nilikuwa namwitikia salamu nikitazama ukuta.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilitaka kusema leo. Akaingia msajili.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilitaka kusema leo. Asubuhi nikimvalisha joho nikasema, "Mheshimiwa." Akasema, "Naam?" Nikasema kola imekaa vibaya. Kola ilikuwa sawa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imepasua ukingo wa mtaro mbele ya jengo. Kesi zimeahirishwa. Tulikuwa wawili tu ofisini saa nne nzima, yeye anapanga vitabu kwenye makasha, mimi namkabidhi. Saa nne. Niliongea habari za goti.

Jumapili, 13 Aprili

Mama Watoto amenikalisha.

"Baba Watoto, huli, hulali, hujisifu. Siku tatu hujajisifu. Nimeogopa. Ni ugonjwa?"

Nikamwambia yote. Sikupanga kumwambia. Alikuwa anamenya viazi, akaacha.

"Na yeye atasimama mbele za watu ajiite punguani?"

"Ijumaa ya tarehe ishirini na tano."

"Na wewe utakuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya kiti chake. Ndiyo mahali pangu."

Akarudi kwenye viazi. Baadaye akasema, "Umenioa miaka arobaini na moja. Sijawahi kukusikia ukisema nimekosea. Nilidhani hukosei, kumbe hujui kulitamka." Hakusema kwa kunicheka. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilitaka kusema leo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimelijaribu neno nikiwa stoo, peke yangu na majoho. Linatoka. Nikifika mezani kwake linarudi tumboni. Nimefikiri nimwachie shajara hii mezani aisome. Ila huo ungekuwa ujanja wa yule yule aliyesema Mheshimiwa alilinyoosha mwenyewe. Na mwandiko wangu angehangaika nao mpaka hotuba ipite.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimesema.

Ilikuwa saa tisa mchana. Makasha yamefungwa, meza haina kitu isipokuwa hotuba. Alikuwa anaipitia na kalamu. Nilifunga mlango. Sijawahi kufunga mlango ule nikiwa upande wa ndani, kwa hiyo akainua macho.

"Mheshimiwa, jalada la seremala nililinyoosha mimi."

Kalamu ikabaki hewani.

"Wakaguzi walikuwa wanakuja. Lilikuwa limekingama juu ya rundo la kushoto, mimi nikalinyoosha ili papendeze. Karani akalichukua."

Akaweka kalamu chini. Taratibu sana, kana kwamba ni ya kioo.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Hukusahau? Hukuchanganya?"

"Sikusahau, Mheshimiwa. Niliogopa kuchekwa."

"Na nani?"

"Na karani."

Nilitegemea atapiga kelele. Miaka ishirini na sita sijamsikia akipiga kelele, nikafikiri basi aliweka akiba kwa leo. Alisimama, akaenda dirishani, mvua ikipiga kioo.

"Siku niliyotia saini zile amri," akasema bila kugeuka, "mume wangu alikuwa bado na fahamu. Nilimwambia kuna jalada nililikingamisha, sijui nimelirudia au sijalirudia, sikumbuki kuliona tena. Akanishika mkono. Akasema, umechoka, mke wangu, pumzika, nitakapopona nitakusomea mwenyewe. Alikuwa anakufa, na alikuwa ananihurumia mimi." Akageuka. "Niliporudi kazini nilikuuliza ili nijue kama alikuwa na sababu ya kunihurumia. Ukanijibu."

Nikasema, "Nimekosea." Likatoka dogo, kama la mtoto.

"Kaa," akasema.

Sijawahi kukaa mbele yake. Nikabaki nimesimama, nikidhani nimesikia vibaya.

"Kaa, mzee. Goti lako nalijua."

Nikakaa kwenye kiti cha mawakili. Akaniwekea mbele karatasi nyeupe na kalamu yake.

"Andika ulichoniambia. Tarehe, nani aliingia, nani alitoka, wewe ulifanya nini, ulinijibu nini. Utaapa mbele ya msajili. Seremala akitaka kuomba marejeo, amri yake itazamwe upya, hiyo ndiyo itakayofungua mlango. Hajasafisha jina lake mtu yule."

"Cherehani aandike, Mheshimiwa. Mimi mwandiko wangu..."

"Maneno yawe yako na mkono uwe wako."

Niliandika mpaka saa kumi na moja na nusu. Kurasa mbili tu. Alikaa upande wa pili wa meza asisome kitu, asinisaidie neno. Mara moja niliandika kwamba jalada lilinyooka. Nikaangalia. Nikalikata, nikaandika nililinyoosha.

Alipoondoka alichukua joho mwenyewe, akalikunja mwenyewe.

Ijumaa, 25 Aprili

Ukumbi umejaa mpaka korido, watu na miavuli yao inachuruzika. Asubuhi niliapa mbele ya msajili, kisha nikaenda kumvalisha Mheshimiwa. Nikamkuta amekwisha kuvaa. Kola ilikuwa imepinda nyuma. Sikuthubutu kugusa.

Nikaita watu wasimame. Wakasimama.

Hotuba aliisoma. Aliwataja walimu wake, mumewe, majaji aliobishana nao. Alipofika mahali pa seremala akapumua, akasema: "Mtu aliomba kusikilizwa na mahakama hii, na amri ya kumkatalia ina saini yangu. Niliitia bila kuisoma. Kilichotokea kabla ya hapo kimeandikwa kwenye kiapo kilichoko kwa msajili, na watakaokaa hapa baada yangu watakisoma. Saini ni yangu. Mtu anayetia saini bila kusoma hana haki ya kusema aliangushwa." Hakutaja akili yake. Hakunitaja.

Walipiga makofi dakika nzima. Nilikuwa nyuma ya kiti chake, naiona ile kola.

Baadaye watu walipanga mstari kumpa mkono. Mimi nilikaa wa mwisho, nikifikiri kwangu atachukua muda. Nilipofika akanipa mkono kama alivyowapa wote. "Asante kwa kazi," akasema. Dereva akamfungulia mlango. Makasha nilikuwa nimeyapanga kwenye gari tangu asubuhi, sawasawa kabisa.

Jumatatu, 28 Aprili

Sina pa kwenda. Nimeamka saa kumi na moja, nimevaa, Mama Watoto akanivua viatu.

Ijumaa, 2 Mei

Msajili ameniita. Nakala ya kiapo inatakiwa kumfikia seremala mwenyewe. Wana tarishi. Nimesema nitaipeleka mimi. Karani kijana aliposikia akanitazama, nikangoja anicheke. Akasema, "Chukua mwavuli, mzee."

Jumatano, 7 Mei

Mvua imekatika jana. Barabara ni matope matupu. Karakana ya seremala iko nyuma ya duka la rangi, bati nne na meza moja ndefu. Nilimkuta peke yake anapiga randa mguu wa kiti. Nilitegemea kumkuta mzee. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, nywele tu ndizo zimeisha.

"Shikamoo, mzee. Unataka kabati?"

"Natoka mahakamani."

Randa ikasimama. Nikampa bahasha. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaifungua, akaitazama, akanirudishia.

"Mwandiko huu siuwezi. Nisomee."

"Ni wangu," nikasema.

"Basi utauweza."

Nikasoma. Kwa kidole, nimesimama kwenye maranda. Nilipofika pale pa wakaguzi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia mara ya tatu, *nililinyoosha ili papendeze*, na mara ya tatu nilisikia maneno yenyewe, jinsi yalivyo madogo.

Nikamaliza. Akakaa juu ya meza.

"Kwa hiyo alikuwa hajanikatalia."

"Alikuwa anakufikiria bado."

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akahesabu kitu moyoni, midomo ikicheza.

"Mama alikuwa hai," akasema. Si kwangu. Kisha kwangu, "Uliwahi kunifikiria, mzee? Hii miaka yote?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, zuri, limenyooka.

"Mara chache," nikasema. "Nilikuwa nakukimbia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa ubao akaona vipimo vinakubali. Akatia saini kwamba amepokea. Kalamu aliishika kwa ngumi, kama mimi.

"Nikiomba marejeo, shauri likiitwa, utakuja kuyasema haya mbele ya watu?"

"Nitakuja."

"Mahakama zina miaka yake. Utakuwa hai?"

"Nitajitahidi."

"Jitahidi," akasema, akarudi kwenye randa yake.